Kabla Hamjajiandikia Talaka

Wanangu, nawasikia mnavyosema siku hizi. "Sisi hatugombani, tumekubaliana, wakili wa nini? Tutaandika karatasi wenyewe, tutasaini, yaishe." Nimeyasikia maneno hayo kwenye baraza la usuluhishi la kata nililokaa miaka mingi, nikayasikia tena misibani na kwenye vikao vya familia. Wawili wanaoweza kuketi pamoja na kukiri kwamba ndoa imewashinda, bila matusi wala kutupiana virago nje, wamefanya jambo la heshima, na watoto wao watawashukuru. Ninalotaka kuwaonya ni hilo neno la mwisho. Ndoa haiishi kwa saini mbili.

Nazungumza na ninyi wa Tanzania Bara, mnaoongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Zanzibar wana utaratibu wao na Mahakama za Kadhi, na jirani zetu wa Kenya wana sheria yao ya mwaka 2014. Msichukue karatasi ya rafiki yenu wa Mombasa mkadhani itawafaa Morogoro.

Nianze kwa kutenda haki. Sheria haiwalazimishi kuwa na wakili. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kusikiliza shauri la talaka sawa na Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu. Iko karibu na nyumbani, inaendeshwa kwa Kiswahili, ada zake ni ndogo, na tangu zamani wananchi wamesimama pale wakajieleza kwa vinywa vyao. Najua pia kwamba fedha ya wakili kwa wengi wenu ni ada ya shule ya mtoto au kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Kwa hiyo sikatazi mtu kuandaa nyaraka zake. Ninachotaka mjue ni bei yake, kwa sababu bei iliyobandikwa ukutani kwenye duka la steshenari, ya kuchapa kurasa mbili na kutoa nakala tatu, ndiyo ndogo kuliko zote mtakazolipa. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Gharama ya kwanza ni kuachana pasipo kuachana.

Karatasi ninayoiona mara nyingi ni hii. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa, HATI YA MAKUBALIANO YA KUACHANA. Chini majina mawili, tarehe ya ndoa, kisha sentensi kwamba "kuanzia leo kila mmoja yuko huru na maisha yake." Saini ya mume, saini ya mke, mashahidi wawili, na muhuri wa serikali ya mtaa. Muhuri ule unawapa watu imani kubwa. Wanaikunja hati, wanaitia kwenye bahasha pamoja na vyeti vya shule, wanaanza maisha mapya.

Mwenyekiti wa mtaa ni kiongozi wetu, anastahili heshima, lakini hana mamlaka ya kuvunja ndoa. Wala balozi hana, wala mchungaji, wala mjomba aliyepokea mahari. Hata wakili mwenye muhuri wake, anayeshuhudia saini zenu, anachoshuhudia ni kwamba ninyi ndio mliosaini. Huku Bara, wote wawili mkiwa hai, ndoa halali huvunjwa na mahakama. Mwanamke wa Kiislamu aliyepewa talaka ya maandishi na mumewe naye asidhani safari imekwisha. Sheria inaiheshimu dini yake: baraza la usuluhishi likishathibitisha kwamba limeshindwa, na baada ya hapo likatendeka lile ambalo kwa sheria ya Kiislamu huvunja ndoa, mahakama hulichukua kuwa ndoa imevunjika na hutoa amri ya talaka. Lakini baraza linatangulia, na mahakama inahitimisha. Na aliyepata ubatilisho wa ndoa kanisani ajue kwamba huo ni wa kanisani. Kwenye kumbukumbu za serikali bado ana ndoa.

Mnaweza kuishi na karatasi ile ya mtaa miaka kumi bila kusumbuliwa na mtu, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Nimekaa kwenye msiba mmoja ambapo marehemu alikuwa ameachana na mke wa kwanza kwa hati ya namna hiyo. Wa kwanza alifunga naye ndoa kanisani. Wa pili alifunga naye bomani, akamzalia, akamuuguza mpaka mwisho, akamfumba macho. Kikao cha mirathi kilipofika, mke wa kwanza alitoa cheti chake cha ndoa. Wa pili naye akatoa chake, pamoja na ile hati ya kuachana yenye muhuri wa mtaa. Wakaulizwa, hukumu ya mahakama iliyovunja ndoa ya kwanza iko wapi? Haikuwapo. Ndoa ya mke mmoja inaposimama, sheria hairuhusu nyingine kufungwa juu yake, na iliyofungwa ni batili. Mama yule aliyeuguza aliambiwa mbele ya wakwe na majirani kwamba kisheria hakuwa mke. Waliokosea ni wawili waliosaini zamani kwa amani. Aliyelipa ni mtu ambaye siku ile hakuwepo.

Msisahau na upande wa jinai. Anayefunga ndoa nyingine wakati ile ya mke mmoja haijavunjwa kisheria anatenda kosa, hata kama moyoni anajiona mseja. Na kwa mwanangu uliyeko Muscat, London au Toronto unayetaka kuoa au kuolewa huko: ofisi za huko zitakuuliza ushahidi kwamba ndoa ya kwanza imekwisha, na karatasi ya mtaa haitavuka kaunta.

Gharama ya pili ni muda, na inaanzia kwetu sisi wazee wa baraza.

Sheria inasema hakuna anayeruhusiwa kufungua shauri la talaka mpaka mgogoro wa ndoa upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na baraza lithibitishe kwa maandishi kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Mabaraza haya yako kwenye kata, na yapo pia ya jumuiya za dini. Yapo mazingira machache yanayomruhusu mtu kwenda mahakamani moja kwa moja: mwenzake amemtelekeza na hajulikani aliko, au yuko nje ya nchi na hatarajiwi kurudi katika miezi sita ijayo, au ameitwa barazani akakataa makusudi kufika, au amefungwa maisha au kifungo kisichopungua miaka mitano, au ana ugonjwa wa akili usiotibika, au mahakama yenyewe imeridhika kwamba kuna sababu isiyo ya kawaida. Wengine wote lazima wapite barazani, na hao waliokubaliana wamo. Kukubaliana kwenu hakufuti hatua hii.

Hapa ndipo wanaojiandalia wenyewe wanapojikwaa, kwa sababu wanaona baraza ni mahali pa kugongewa muhuri tu. Wanamfuata mwenyekiti nyumbani, wanamwomba awajazie Fomu Na. 3, ambayo ndiyo cheti cha baraza, wanaondoka nayo. Iangalieni vizuri fomu hiyo mkiipata. Je, baraza liliketi kweli? Kwa sheria baraza ni mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili, wasiozidi watano. Mtu mmoja mwenye muhuri si baraza. Je, mliitwa wote wawili mkasikilizwa? Je, cheti kinaeleza baraza limeona nini, au kimeandikwa tu "tumeshindwa"? Je, majina yamefanana na ya cheti cha ndoa, herufi kwa herufi? Je, ni cheti cha baraza kweli, au ni barua ya utambulisho ya ofisi ya mtaa iliyoandikwa maneno ya ndoa?

Na tarehe, wanangu, tarehe! Cheti cha baraza hakitakiwi kuwa kimetolewa zaidi ya miezi sita kabla ya siku mnayofungua shauri. Nawajua wengi waliokipata cheti, wakapumzika, wakangoja mtoto amalize mtihani, wakangoja mavuno, wakaenda mahakamani mwezi wa nane tangu kukipata. Wakarudishwa barazani kuanza upya.

Kurudishwa mapema ni afadhali. Balaa ni kuachiwa uendelee. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekwisha kusema zaidi ya mara moja kwamba shauri la talaka lililofunguliwa bila cheti halali limefunguliwa kabla ya wakati wake, na ikabatilisha mwenendo wote na hukumu pamoja na mgawanyo wa mali. Fikirini mtu aliyekwisha kupewa talaka, akagawiwa nyumba, akaoa au akaolewa tena, kisha rufaa inakuja kusema kwamba yote hayo hayakuwahi kuwapo kisheria. Chanzo chake ni karatasi moja iliyojazwa kwa haraka kwenye kibaraza cha nyumba ya mwenyekiti.

Tena, mjue mapema kwamba ndoa ambayo haijafikisha miaka miwili haifunguliwi shauri la talaka bila ruhusa ya mahakama, na ruhusa hiyo hutolewa kwa anayepata mateso makubwa yasiyo ya kawaida. Vijana wawili waliochokana baada ya mwaka mmoja watumie baraza na wazee kwanza.

Gharama ya tatu ni kumfikia hakimu mikono mitupu.

Mnadhani kwa kuwa nyote mnataka, hakimu atasaini tu. Sheria yetu haimwambii hakimu aulize kama mmekubaliana. Inamwambia ajiridhishe kwamba ndoa imevunjika kiasi kisichorekebishika, na kwa hilo anahitaji ushahidi: ukatili, uzinzi, kutelekezwa kwa makusudi kwa miaka isiyopungua mitatu, kutengana kwa hiari kwa muda kama huo, na mengine yaliyotajwa. Anatakiwa pia kuchunguza mliyopanga juu ya mali na matunzo kama ni ya haki, na mliyopanga juu ya watoto kama yana manufaa kwao. Sasa mtu analeta madai yenye mistari minne: tulioana, tumechokana, tumekubaliana, tunaomba talaka. Hakimu anauliza, "Kimetokea nini?" Kwa sababu wanataka kutunziana heshima, kila mmoja anainama chini. Shauri linaahirishwa, au linatupwa kwa kukosa ushahidi.

Heshima hiyo naielewa na ninaipenda. Lakini inawezekana kusema kweli bila kudhalilishana. "Tumeishi nyumba mbalimbali tangu Machi 2021 kwa hiari yetu, familia zote mbili zimesuluhisha zikashindwa, na hawa hapa mashahidi wanaojua." Maneno hayo hayamtukani mtu, na yanamsaidia hakimu kufanya kazi yake. Madai yenu pia yanatakiwa kutaja ndoa ilifungwa lini na wapi, watoto na umri wao, kama kuna shauri lolote la ndoa lililowahi kufunguliwa, makubaliano yenu ya mali na matunzo au mapendekezo yenu kama hamjakubaliana, na nafuu mnazoomba. Msiloliomba msitegemee kupewa.

Gharama ya nne ni mali. Hapa ndipo nimeona machozi mengi, kwa hiyo mniwie radhi nikikaa kidogo.

Sentensi inayopendwa katika hati za kujiandikia ni hii: "Mali zetu tumegawana kwa amani na hakuna mwenye madai kwa mwenzake." Inasomeka vizuri, lakini isomeni tena kwa macho ya msajili wa hati, au ya mtoto wenu miaka ishirini ijayo. Mali zipi? Nani kachukua nini? Wahenga walishawaambia: mali bila daftari hupotea bila habari.

Andikeni hivi: kiwanja namba fulani, kitalu fulani, mahali fulani, chenye hati kwa jina la fulani, kinakwenda kwa fulani, aliyeandikwa kwenye hati atasaini nyaraka za uhamisho kabla ya tarehe fulani, gharama za uhamisho atalipa fulani. Kama kiwanja hakijapimwa, tajeni mipaka yake na majirani wa pande nne, na mkataba wa mauziano mwambatishe. Pikipiki ina namba ya usajili, iandikeni. Ng'ombe wana idadi, iandikeni. Akiba ya kikoba na hisa za SACCOS zina kiasi, kiandikeni. Duka lina mzigo na lina madeni, na yote mawili yaandikwe.

Madeni hasa. Nimeona wawili waliogawana kila kitu mpaka sufuria, wakasahau mkopo. Nyumba ilikwenda kwa mama, na deni la benki lililowekewa nyumba hiyo likabaki kwa baba "kwa makubaliano." Baba akaacha kulipa. Benki haikuketi kwenye kikao chenu wala haikusaini hati yenu. Ina mkataba wake na rehani yake, nao dalali wa mnada hajali nani aliahidi nini. Mkitaka deni libebwe na mmoja, nendeni benki kwanza, mkaulize wanakubali nini, ndipo muandike. Na kama mmoja wenu ni mdhamini wa mkopo wa mwenzake, ajue kwamba talaka haimtoi kwenye udhamini.

Sasa nawageukia mabinti zangu. Wengi wenu mnasaini kwamba hamdai chochote kwa sababu mnaamini hamkuchuma kitu: "Sikuwa na kazi, nilikuwa nyumbani tu." Nani kawaambia? Mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Kupika, kufua, kulea na kutunza nyumba ili mwingine aweze kutoka kwenda kutafuta, huo ni mchango. Ukubwa wa fungu hutegemea mchango wa kila mmoja, madeni, mahitaji ya watoto na mila, na hakimu huyapima yote hayo. Lakini mlango uko wazi tangu wakati huo. Ukiufunga kwa saini yako kwa kutojua, hiyo ndiyo karatasi ghali kuliko zote utakazonunua maishani.

Wanangu wa kiume, msidhani naegemea upande mmoja. Nimeona baba aliyejenga kwenye kiwanja cha ukoo wa mkewe akatoka na begi, na nimeona aliyeandikisha gari na nyumba kwa jina la mwenzake kwa mapenzi, akaja kusaini hati isiyotaja hata kimoja. Jina lililo kwenye hati halimalizi hoja mahakamani, lakini ukikaa kimya mahakama haitasema kwa niaba yako.

Gharama ya tano ni watoto, na hawa hawakusaini kokote.

"Baba atatoa matunzo kadiri ya uwezo wake." Maneno hayo yana adabu, lakini hayana chakula ndani. Uwezo wake ni upi, na nani ataupima? Andikeni kiasi cha shilingi, tarehe ya mwezi, na namba ya simu itakayopokea, ili kila muamala ubaki na ushahidi. Andikeni nani analipa michango ya shule mwezi Januari, nani ananunua sare na madaftari, nani anagharimia hospitali, na mtoto atabaki kwenye bima ya nani. Andikeni likizo ya Juni atakuwa wapi na ya Desemba wapi. Andikeni nani atapiga simu kwa nani mtoto akiugua usiku. Siku mnayoandika mnapatana, kwa hiyo mambo haya ni mepesi kuyasema. Akija mke mpya au mume mpya, kazi ikiyumba, mmoja akihamia Mwanza, hayatakuwa mepesi tena.

Na kuna lisiloruhusiwa kuandikwa hata mkipatana. Nimesoma hati inayosema, "Mama anachukua watoto na hatadai matunzo maisha yake yote." Matunzo ni haki ya mtoto, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeiweka wazi. Mzazi hawezi kuisamehe kwa niaba yake. Vilevile msigawane watoto kama mnagawana vyombo, wa kike huku na wa kiume kule. Mahakama huangalia maslahi ya mtoto kwanza, na kwa aliye chini ya miaka saba huanza na dhana kwamba anafaa kukaa na mama, dhana ambayo inaweza kupingwa kwa ushahidi.

Liko na jambo la sita, ambalo si la karatasi. Baadhi ya makubaliano yanayoitwa ya amani ni ya hofu. Binti anasaini haraka kwa sababu anapigwa na anataka kutoka akiwa hai. Kijana anasaini kwa sababu ametishiwa kwamba hatawaona wanawe. Kama ndivyo ulivyo, usijiandikie karatasi peke yako chumbani na anayekutisha. Nenda dawati la jinsia na watoto polisi, nenda ustawi wa jamii, nenda kwa watoa msaada wa kisheria. Hata baraza lisikulazimishe kupatana na ngumi. Mimi nilipoketi pale nilisema hivyo, na ninasema tena.

Sasa mtaniuliza, mzee, tufanye nini basi sisi tusio na fedha?

Andaeni wenyewe, lakini msimalize wenyewe. Kaeni chini mwandike orodha ya mali, ya madeni na ya mahitaji ya watoto kwa mkono wenu, kwa sababu hakuna wakili anayeyajua maisha yenu kuliko ninyi. Kazi hiyo mkiifanya vizuri mnaokoa fedha nyingi, kwani mwanasheria hatalazimika kuwatoza kwa kuwahoji siku tatu. Kisha, kabla ya kusaini, mpelekeeni mtu anayejua aisome. Kumlipa wakili asome kurasa nne na kuwaonyesha penye tundu ni gharama ndogo kuliko kumlipa asimamie shauri zima. Ikiwezekana kila mmoja apate wa kwake, maana wakili mmoja hawezi kumshauri kila upande juu ya fungu la mwenzake.

Asiye na hata hiyo asikae nyumbani. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi, wamesajiliwa, wapo hadi vijijini. Ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yenu. Hawatasimama mahakamani badala yenu, lakini watawaelekeza. Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wamekuwa wakifanya kazi hii kwa miaka mingi. Karani wa mahakama naye ulizeni utaratibu na ada. Hatawashauri mdai nini, ila atawaambia kinachokosekana kwenye jalada.

Mkwepeni kishoka. Mnamjua: anazunguka karibu na mahakama na faili kwapani, anasema "nipe kidogo nikumalizie." Ana fomu moja anayoibadilisha majina tu. Shauri likianguka, simu yake haipatikani, na ninyi hamna hata risiti. Wakili halali ana leseni ya mwaka husika, na mnaweza kuiulizia bila kuona haya.

Hukumu ikitoka, msikimbilie sherehe. Asiyeridhika ana siku 45 za kukata rufaa kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa, hata yule aliyetabasamu mahakamani. Chukueni nakala za hukumu zilizothibitishwa. Sajilini talaka RITA, wakala wa usajili wa serikali, mpate cheti chake. Hamisheni hati za ardhi na kadi za vyombo vya moto. Badilisheni majina ya warithi na wategemezi mliyoyaandika kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, bima na benki. Mengi ya haya hakuna atakayewakumbusha, na mlichokiacha bila kubadilisha kitabaki kama kilivyo mpaka siku ya msiba.

Ndoa ikishindikana, iagwe kwa utu na kwa ukamilifu. Kama mmepatana, mshukuruni Mungu, kisha yatumieni mapatano hayo kuandika mpaka kiwanja cha mwisho, mpaka deni la mwisho, mpaka sare ya shule. Piteni barazani kwa haki, fikeni mahakamani ndani ya miezi sita, na kabla kalamu haijagusa karatasi mtafuteni mmoja anayejua sheria aisome. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na katika jambo hili guu linalovunjika mara nyingi ni la mtoto.